Magoti yangu hulalamika nikishuka ngazi. Je, niende kwenye maziwa ya mlimani?

Wapendwa washauri,

Nina umri wa miaka 43. Kazini kwetu watu 12 tumejiandikisha kwenda matembezi ya siku moja milimani, tukiwa na kiongozi mmoja na msaidizi wake. Karatasi tuliyopewa inasema hivi: kilomita 18 kwenda na kurudi, mita 1,100 za kupanda, maziwa matatu, la juu kabisa likiwa kwenye mwinuko wa mita 2,900. Tunaanza kutembea saa 12 asubuhi na tunatarajiwa kurudi saa 9 alasiri. Mahali pa kiwango cha ugumu wameandika neno moja tu: "ngumu". Zimebaki wiki sita.

Mimi si mvivu. Natembea saa nzima karibu kila siku, ila ni tambarare tupu na sibebi kitu. Nikishuka ngazi za ghorofani magoti huuma kwa mbele, hasa la kulia, na nikifika chini maumivu huisha. Hayajawahi kuvimba. Buti nimenunua juzi, bado ziko kwenye boksi.

Rafiki yangu aliyenishawishi anasema nisiwe na wasiwasi, nitazoea njiani. Mwenzetu mwingine anapanga kuogelea kwenye kila ziwa na anataka tuingie sote. Mimi ninachoogopa ni kuwa wa mwisho, watu 11 wamesimama juu wananisubiri huku nahema, halafu nikiwafikia tu wanaondoka. Pia, naona haya kuuliza, lakini mtu akibanwa na haja huko juu anafanyaje mbele ya wafanyakazi wenzake?

Niambieni ukweli. Niende au nijitoe mapema?

Ni mimi,
Mwenye Hofu ya Mteremko

*

Dada mpendwa,

Nenda, kwa sharti kwamba wiki hizi sita uzitumie kujifunza kushuka zaidi ya kupanda. Barua yako imejaa hofu ya pumzi, lakini kitu pekee ulichotueleza kinachoweza kukukwamisha ni goti, na goti hilo linauma wakati wa kushuka. Mtu anayeishiwa pumzi akipanda husimama dakika mbili, zikarudi. Mapaja yakishachoka kwenye mteremko hayarudi kwa mapumziko ya dakika mbili, na bado kuna kilomita 9 za kuteremka mpaka mlipoanzia. Wengi wanaojikwaa na kuteguka kifundo cha mguu hufanya hivyo alasiri wakirudi, miguu ikiwa imelegea na akili ikiwa imeshafika nyumbani.

Tuisome kwanza hiyo karatasi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ya kukadiria muda ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yenu hiyo ni saa 3 na dakika 36 za mwendo, jumlisha saa 1 na dakika 50 za kupanda, karibu saa tano na nusu. Makadirio hayo ni ya mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Kwa kundi la watu 12 lenye kusimama, kula, kupiga picha na kupita kwenye mawe, ongeza nusu yake. Unapata saa nane na kidogo. Kwa hiyo saa tisa mlizopewa ni hesabu ya kweli, wala hakuna anayetarajia mkimbie. Mwendo wa kupanda utakuwa kama mita 300 kwa saa. Kumbuka namba hiyo, tutaipima.

Kuna swali moja la kumuuliza kiongozi wiki hii hii: hizo mita 1,100 ni tofauti kati ya mahali pa kuanzia na ziwa la juu, au ni jumla ya kupanda kote? Si kitu kimoja. Maziwa mengi ya milima mirefu yalichimbwa na barafu kuu ya zamani, na mara nyingi maji yake yamezuiwa na tuta la mawe na udongo ambalo barafu hiyo ililisukuma na kuliacha. Njia hupanda tuta, kisha hushuka upande wa pili mpaka ufukweni. Mkirudi mnalipanda tena. Kwenye maziwa matatu vipande hivyo vinaweza kuongeza mita 100 au 200 ambazo hazikuandikwa popote, nazo zinakuja wakati miguu imeshajiambia kwamba kupanda kumekwisha.

Barafu hiyo hiyo ndiyo iliyolipa bonde umbo lake. Maziwa yakiwa yamefuatana kwenye bonde moja, kila moja hukaa kwenye uwanda wake mdogo, na kati ya uwanda mmoja na mwingine kuna ukuta mkali wenye mawe na maporomoko. Usitarajie mteremko wa wastani kutwa nzima. Mtatembea tambarare kando ya ziwa, kisha mtapanda mita 200 au 300 kwa mkupuo, kisha tambarare tena. Ndiyo maana mazoezi yako ya sasa hayatoshi ingawa ni mazuri: yamekupa moyo na mapafu ya kutembea siku nzima, hayajakupa mapaja ya kupandia hizo kuta, na hasa ya kuzishukia.

Sasa goti. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki: unajikaza huku ukivutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za msuli usioizoea, na maumivu yake hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Msuli huo ukichoka, breki inapungua na goti linabeba mshindo. Maumivu ya mbele ya goti yanayokuja kwenye ngazi na kuisha kwenye tambarare mara nyingi huhusiana na mapaja na nyonga visivyo na nguvu ya kutosha, na mara nyingi hupungua vikiimarishwa. Lakini goti likianza kuvimba, likikwama wakati wa kulikunja, au likikuachia ghafla kama linataka kuanguka, acha mazoezi umwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya jambo lingine lolote.

Habari njema ni kwamba msuli uliowahi kufanya kazi ya kushuka, hata kwa mara chache tu, hujilinda kwa wiki kadhaa. Fanya hivi: simama kwenye kidato cha ngazi chenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, teremsha mguu mmoja polepole ukihesabu hadi tatu mpaka kisigino kiguse chini, kisha rudi juu. Goti la mguu unaokubeba lielekee kwenye vidole, lisiingie ndani. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Likiuma kidogo na maumivu yakaisha ndani ya siku moja, endelea. Yakizidi kesho yake, punguza kimo cha kidato.

Kando ya zoezi hilo, wiki ya kwanza na ya pili panda na kushuka ngazi au kilima kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, ukiwa na kilo 3 mgongoni, na mwishoni mwa wiki utembee saa tatu. Wiki ya tatu na ya nne ngazi ziwe dakika 45 na kilo 5, na matembezi marefu yawe saa nne au tano yenye kupanda mita 500 hivi. Wiki ya tano ndiyo kubwa: saa sita, mita 800 za kupanda ukipata mahali, na mzigo kamili utakaobeba siku yenyewe. Wiki ya sita pumzika. Matembezi mafupi mawili yanatosha, na siku tano za mwisho usifanye zoezi zito hata kama unajiona umebaki nyuma. Zoezi gumu la siku tatu kabla ya safari halikuongezei chochote isipokuwa uchovu wa kwenda nao mlimani.

Usipokuwa na kilima karibu, jengo refu linatosha. Ghorofa moja ni kama mita 3, kwa hiyo kupanda ghorofa kumi mara kumi ni mita 300. Kama kuna lifti, usiitumie kushuka. Kushuka ndiko unakokufuata pale.

Rafiki yako anayesema utazoea njiani anakutakia mema, ila mwili haubadiliki kwa saa tatu. Anachoweza kukusaidia ni kufanya mazoezi hayo pamoja nawe.

Tafuta pia fimbo mbili za kutembelea. Hupunguza mzigo unaoangukia magotini wakati wa kushuka, na kwenye mawe yanayocheza zinakupa miguu minne. Kwenye tambarare zipime ili kiwiko kikunje pembe mraba. Ukianza mteremko mrefu zirefushe sentimita 5 hadi 10, uzichomeke mbele yako kabla mguu haujatua. Hatua ziwe fupi, goti lisinyooke kabisa, na ukiona jiwe refu la kuruka, tafuta mawe mawili mafupi kando yake. Kanyaga kwa unyayo mzima kwenye changarawe. Anayeegemea nyuma kwa visigino ndiye anayeteleza na kukalia makalio. Jizoeze nazo nyumbani, maana fimbo usizozijua ni kitu kingine cha kujikwaa. Na usimeze dawa ya maumivu ya jamii ya ibuprofeni asubuhi ili kuzuia maumivu ya siku hiyo: mwili ukipungukiwa maji dawa hizo zinaweza kuumiza figo, tena zinazima kengele unayoihitaji.

Hofu yako ya kuachwa nyuma ni ya haki, na ina sababu ya kimahesabu. Kundi linapotembea kwa mstari, wa mbele wakifika mahali pa kupumzika hukaa dakika kumi. Wa nyuma akifika dakika ya nane, anapata mbili, kisha wote wanaondoka. Kwa hiyo anayehitaji mapumziko zaidi kuliko wote ndiye anayepata machache kuliko wote, na kila kituo kinamchosha zaidi. Dawa yake ni nafasi kwenye mstari. Kaa wa pili, nyuma kabisa ya kiongozi, tangu hatua ya kwanza. Hapo yeye anasikia pumzi zako na kupanga mwendo wa kundi kwa kuzifuata, nawe unapumzika dakika zilezile wanazopumzika wote. Viongozi wazoefu huwaweka watu wa mwendo wa taratibu pale mbele kwa makusudi, hutaonekana kituko.

Umwambie hilo kabla ya siku, faraghani, kwa simu au ujumbe: "Natembea polepole, goti la kulia huuma nikishuka, naomba nikae nyuma yako." Mtajie pia dawa unazotumia, pumu, mzio, au ugonjwa wowote wa moyo kama upo. Kiongozi anayejua mapema hupanga. Anayegundua kwenye ziwa la pili anabaki kutafuta namna ya kukushusha. Katika mazungumzo hayo muulize nani hukaa mwisho wa mstari, saa ngapi kundi hugeuka hata kama ziwa la tatu halijafikiwa, kama kuna vipande vya theluji au mawe ya kupanda kwa mikono, na anawasilianaje na waokoaji mahali pasipo na mtandao. Muulize na hili, kwa ajili yako hasa: je, anayechoka anaweza kuishia ziwa la kwanza na kurudi na msaidizi? Jibu lisiwe "atatusubiri hapo peke yake". Mtu aliyeachwa peke yake mlimani anapoa, anachoka kusubiri, anaamua kujirudia mwenyewe, na ndivyo kundi linavyoanza kutafuta mtu jioni. Kiongozi anayekwepa maswali haya, sisi tusingemfuata.

Saa ya kwanza ndiyo inayoharibu siku za wengi. Kuna baridi, watu wana furaha, miguu ni mipya, kila mtu anakimbia. Mwendo sahihi wa saa hiyo utauona wa polepole mno: uweze kusema sentensi nzima bila kukatiza kuvuta hewa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza hatua badala ya kusimama. Kwenye ukuta mkali tumia hatua ya kupumzika, ambayo wapanda milima wanaijua vizuri: mguu wa nyuma unyooke kabisa ili mfupa ubebe uzito, tulia nukta (sekunde) moja msuli ukiwa umelegea, kisha peleka mwingine. Mwenda pole hajikwai, na kwa mwendo huo unapanda mita 300 kwa saa bila kuonekana unafanya kazi.

Buti zitoe kwenye boksi leo. Zivae kwa matembezi yote ya wiki hizi sita, na soksi zilezile za siku ya safari. Kabla hujatoka nazo nje, zijaribu ndani jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za kutwa: simama kwenye mteremko ukiangalia chini, piga mguu mbele. Vidole vikigusa ncha ya buti, rudisha, chukua kubwa zaidi kwa nusu namba au namba moja. Buti inayogusa vidole dukani itakung'oa kucha kwenye mteremko wa mita 1,100. Siku yenyewe, kabla ya kuanza kushuka, simama ukaze kamba upya kwenye kifundo ili kisigino kikae nyuma, na kucha uzikate fupi siku mbili au tatu kabla. Ukihisi sehemu ya ngozi inachoma, hata kama ni dakika ya ishirini ya safari na watu wote wanaendelea, simama hapohapo uweke plasta. Malengelenge huzuilika kwa dakika tatu wakati ngozi bado ni nyekundu tu. Yakishapasuka utayabeba kutwa.

Begi lako lisizidi kilo 6 au 7 pamoja na maji. Anza na lita 2 hadi 3, ukitegemea nusu lita kwa saa, zaidi kidogo jua likiwa kali. Maji ya ziwa la mlimani yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na vijidudu vya kinyesi cha wanyama na cha watu, na kwa saa tisa ulichoanza nacho kinaweza kuisha, kwa hiyo ili kujaza huko juu beba chujio au vidonge vya klorini, na ujue kwamba kwenye maji baridi vidonge huchukua muda mrefu kuliko nusu saa ya kawaida. Usijilazimishe kunywa kupita kiu ukidhani ni usalama. Maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu mwilini, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyekaukiwa, kisha watu wanamwongezea maji. Kula ndiko watu wanakosahau. Anza kula kabla njaa haijaja, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, vitu vya chumvi na vya sukari kwa zamu, na viwe vitu ulivyokwisha kula kwenye mazoezi yako. Anayengoja chakula cha mchana ziwani hufika amekwisha, na tumbo limeshafunga.

Nguo: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ziwa la juu litakuwa na baridi zaidi ya chini kwa nyuzi 7 hivi, kabla hujahesabu upepo. Mwilini vaa fulana ya sufu laini au ya nyuzi bandia, si pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mkisimama ziwani inakunyonya joto. Juu yake beba vazi la joto na koti lisilopitisha mvua wala upepo, pamoja na kofia na glovu hata kama utabiri ni wa jua. Anza safari ukihisi baridi kidogo. Mkisimama, vaa la joto mara moja, usingoje kutetemeka. Krimu ya jua na miwani ni lazima, kwa kuwa mionzi huongezeka kwa mwinuko, na theluji na maji huirudisha usoni kutokea chini. Ongeza tochi ya kichwani, filimbi, blanketi la dharura la karatasi ya fedha na simu iliyojaa chaji. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ya filimbi, au mimuliko sita ya tochi, ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha unarudia. Anayejibu hutoa mitatu.

Mwenzenu wa kuogelea mwambieni mapema, msimsubiri mpaka awe amevua viatu. Ziwa linalopokea maji ya theluji linaweza kuwa chini ya nyuzi 10 hata mchana wa jua. Anayeruka humo hushtuka na kuvuta pumzi bila hiari, na kama kichwa kiko chini ya maji, anavuta maji. Mshtuko huo hudumu dakika moja hadi tatu. Baada yake mikono na miguu huanza kukosa nguvu, hata kwa mwogeleaji hodari, na ufuko wa mita 20 unakuwa mbali. Kisha kuna jambo ambalo halitajwi: bado ana saa tatu au nne za kutembea akiwa na nywele mbichi na misuli iliyopoa, kwenye kipande kigumu zaidi cha siku. Kama sheria za eneo zinaruhusu na kiongozi amekubali, aingie kwa miguu taratibu, asivuke kiuno, mtu akimwangalia kutoka ukingoni, na nguo kavu zikiwa tayari. Wewe zamisha miguu hadi vifundoni kwa dakika tano, kisha ikaushe vizuri katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Krimu ya jua isiingie ziwani. Maji yale yana uhai mchache sana wa kuisafisha.

Kuhusu mwinuko usihofu sana. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana juu ya mita 2,500 hivi, na kwa kawaida huchukua saa kadhaa kujitokeza, wakati ambao ninyi mtakuwa mnashuka. Hata hivyo kama unaishi usawa wa bahari, lala usiku mmoja karibu na mahali pa kuanzia ukiweza. Kichwa kikiuma na chakula kikakuchukiza huko juu, mwambie kiongozi, na usiendelee kupanda. Anayeyumba akitembea kwenye mstari ulionyooka, au anayehema hata akiwa amekaa, ashushwe wakati huohuo akiwa na mtu.

Saa 12 asubuhi haikuchaguliwa kuwatesa. Jua likipasha miteremko hewa hupanda, mawingu yakajengeka, na radi za milimani mara nyingi huja kuanzia mchana. Mkiona wingu linarefuka kwenda juu saa 5, kiongozi akasema mnageuka, msibishane naye. Ukiona mwanga wa radi, hesabu nukta mpaka mngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, mwe mmeshaondoka ukingoni mwa maji, kwenye migongo ya vilima na chini ya mti uliosimama peke yake. Vijito vinavyotoka kwenye theluji navyo hujaa alasiri, kwa hiyo kile mlichokiruka asubuhi kinaweza kuwahitaji kushikana mikono mkirudi. Kabla ya kuvuka fungua mkanda wa kiunoni wa begi, ili ukianguka uweze kulivua.

Swali lako la mwisho si la aibu, na ni vizuri umeuliza, kwa sababu wanawake wengi hujibana wasinywe maji kutwa nzima ili wasiombe ruhusa, kisha wanaumwa kichwa na kudhani ni mwinuko. Mwambie msaidizi aliye nyuma kwamba unatoka njiani, uache begi kando ya njia upande ule ulioingilia. Begi ndilo linalowaambia kwamba bado uko nyuma yao, na hakuna atakayelipita. Nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia. Haja kubwa ichimbiwe shimo la sentimita 15 hadi 20 na kufukiwa. Mahali pa mawe matupu au theluji hapachimbiki, kwa hiyo beba mifuko ya kurudishia. Karatasi na taulo zote hurudi nawe kwenye mfuko uliofungwa. Beba koleo dogo jepesi la kuchimbia, na sabuni ya mikono isiyohitaji maji. Kabla miti haijaisha uulize kama kuna mahali pengine pa kujificha mbele. Juu ya mstari wa miti ni jiwe kubwa tu, na kwa kundi la watu 12 mnakubaliana: wanaume mbele, wanawake nyuma.

Tarehe ya kuamua ni mwisho wa wiki ya nne. Siku hiyo, ukiwa na kilo 5 mgongoni, panda mita 300 ndani ya saa moja ukiweza kuongea sentensi nzima, ushuke zote kwa miguu, kisha utembee saa mbili zaidi. Kesho yake jaribu ngazi za nyumbani. Kama mapaja yamekaza tu, nenda na wenzako mpaka ziwa la tatu. Kama kupanda kumekushinda lakini goti ni zima, mwombe kiongozi akupangie kuishia ziwa la kwanza au la pili na msaidizi. Goti likiwa limevimba, au unashuka kwa kushikilia ukuta, mpigie kiongozi siku hiyohiyo ujitoe, wala usingoje usiku wa kuamkia safari. Wiki mbili zinamtosha kumpa mtu mwingine nafasi yako na kupanga upya nani anatembea na nani.